Kusoma kabla ya kukokotoa: maswali na majibu kuhusu kozi za usomaji na kazi ya data

Nafundisha takwimu chuo kikuu, na kila muhula nasimamia kozi za usomaji za wanafunzi wanaotaka kuwa wachambuzi wa data. Wengi huja ofisini wakiwa na wasiwasi uleule: kozi ya kukaa na kusoma itawafaa nini sokoni? Nimekusanya hapa maswali ninayoulizwa mara nyingi na kuyajibu kwa kirefu kuliko ninavyoweza kufanya nikiwa nimesimama mlangoni.

Mwalimu, kozi ya usomaji ni kitu gani hasa?

Ni somo lenye krediti kama masomo mengine, ila halina mihadhara. Mwanafunzi mmoja, au kikundi kidogo, hukubaliana na mhadhiri kitu cha kusoma kwa muhula mzima: kitabu kimoja, au makala kadhaa za jambo moja. Kila wiki wanakutana kwa saa moja hivi, na anayezungumza zaidi ni mwanafunzi. Mhadhiri anauliza na kusikiliza. Mwisho wa muhula kuna andiko la kusahihishwa. Vyuo vinaiita kwa majina tofauti, na mara nyingi huwekwa mwaka wa mwisho wa shahada ya kwanza au katika shahada ya umahiri.

Tofauti kubwa na mhadhara ni kwamba kwenye mhadhara mimi ndiye niliyesoma, nikachuja, nikakuletea yaliyonyooka. Kwenye usomaji hakuna aliyekuchujia. Unakutana na aya usiyoielewa, jedwali ambalo halilingani na maelezo yake, mwandishi anayeruka hatua, na inabidi ujikwamue mwenyewe kabla ya siku ya kukutana. Mchambuzi wa data anaishi katika hali hiyo kila siku.

Matangazo ya kazi yanataka Python, SQL na Power BI. Hakuna linalotaka mtu aliyesoma vitabu.

Jifunze hizo zote. Sitaki mtu amalize kusoma hapa aache kujifunza SQL. Lakini fikiria siku ya kwanza kazini. Unakabidhiwa faili ambalo hukulitengeneza, lenye safu zinazoitwa q14b na hh_s7. Unapewa ripoti ndefu ya mtu aliyeondoka. Bosi anataka jibu Alhamisi. Kabla hujaandika mstari mmoja wa msimbo, umeshaanza kusoma: dodoso linauliza nini, nani aliulizwa, nani hakuulizwa, ripoti ya zamani ilihesabu vipi. Ukikosea hapo, Python itakupa jibu baya kwa kasi zaidi.

Ninavyoona mimi, vyuo vyetu vimekuwa vikifundisha upande wa kukokotoa vizuri kuliko upande wa kusoma. Mwanafunzi anamaliza akiwa anaweza kuendesha modeli ya rejeshi kwa dakika chache, lakini hawezi kukueleza kila mstari katika data yake ni mtu, kaya, au ziara moja ya kliniki. Hilo ndilo pengo ambalo kozi ya usomaji inaweza kuliziba, endapo itaendeshwa sawasawa. Ikiendeshwa vibaya, ikawa ya kusoma sura na kuandika muhtasari, haisaidii chochote katika kazi hii. Sharti langu ni kwamba kila kinachosomwa kipitie kwenye kibodi: hesabu za mwandishi zirudiwe na mwanafunzi mwenyewe hadi zitoke sawa, au hadi ajue kwa nini hazitoki.

Kuna ushahidi wowote kwamba kusoma kwa namna hiyo kuna nguvu?

Upo mfano ambao kila mwanafunzi wangu anausoma katika wiki za mwanzo.

Mwaka 2010 wachumi wawili wenye majina makubwa, Carmen Reinhart na Kenneth Rogoff, walichapisha makala iitwayo Growth in a Time of Debt. Walichukua takwimu za nchi 20 zilizoendelea tangu baada ya Vita Kuu ya Pili, wakazigawa kwa ukubwa wa deni la serikali. Matokeo yaliyovuma ni haya: deni likivuka asilimia 90 ya pato la taifa, wastani wa ukuaji wa uchumi ulikuwa chini ya sifuri, asilimia 0.1 hasi. Wanasiasa wa Ulaya na Marekani waliitaja makala hiyo walipokuwa wakitetea kubana matumizi ya serikali.

Thomas Herndon alikuwa mwanafunzi wa uzamivu katika Chuo Kikuu cha Massachusetts, Amherst. Zoezi la darasani lilimtaka achague makala iliyochapishwa, aisome, kisha arudie hesabu zake. Akachagua hiyo. Namba hazikutoka. Hatimaye aliwaandikia waandishi, nao wakampa faili lao la Excel. Humo ndani, fomula ya wastani ilianzia mstari wa 30 ikaishia mstari wa 44, wakati ilipaswa kufika 49. Nchi tano, yaani Australia, Austria, Ubelgiji, Kanada na Denmark, zilikuwa zimeachwa nje ya hesabu.

Magazeti mengi yaliishia hapo, kwenye fomula ya Excel, kwa sababu ndiyo habari rahisi kusimulia. Lakini fomula ile peke yake haikuwa na mchango mkubwa. Mambo mawili mengine yalikuwa na uzito zaidi, na hayo hayaonekani kwa kubofya kisanduku. Yanaonekana kwa kusoma sehemu ya mbinu na kuuliza kila nchi imechangia nini. La kwanza, baadhi ya miaka ya baada ya vita haikuingizwa, ikiwemo ya New Zealand kuanzia 1946 hadi 1949. La pili, kila nchi ilipewa uzito sawa bila kujali ilikaa miaka mingapi na deni kubwa. New Zealand ilibaki na mwaka mmoja tu, 1951, ambao uchumi wake ulishuka kwa asilimia 7.6. Mwaka huo mmoja ulihesabiwa sawasawa na miaka 19 ya Uingereza, ambayo wastani wake wa ukuaji ulikuwa asilimia 2.4.

Aprili 2013 Herndon, pamoja na walimu wake Michael Ash na Robert Pollin, walitoa matokeo yao: kwa hesabu iliyorekebishwa, wastani wa ukuaji kwa nchi zenye deni kubwa ulikuwa asilimia 2.2. Reinhart na Rogoff walikiri kosa la Excel, ila wakashikilia kwamba deni kubwa bado huenda pamoja na ukuaji mdogo, na mjadala huo wa kiuchumi haujaisha. Mimi sifundishi uchumi wa madeni. Ninachotaka mwanafunzi aone ni kwamba zoezi la kusoma na kurudia hesabu lilifika mahali ambapo wasomaji wengi wenye uzoefu hawakufika kwa miaka mitatu, na kwamba ustadi uliotumika ndio uleule atakaouhitaji bosi wake atakapomwomba akague ripoti kabla haijapelekwa bodi.

Tunaposema kusoma, ni vitabu tu?

Hapana, na hapa ndipo ninapokazania zaidi. Nusu ya muhula wanafunzi wangu wanasoma nyaraka za data: dodoso, mwongozo wa wadadisi, maelezo ya sampuli, na kitabu cha misimbo kinachoeleza kila safu na kila namba iliyomo. Ofisi ya Taifa ya Takwimu ya Tanzania na ile ya Kenya zote zina hazina za data za tafiti pamoja na nyaraka zake. Utafiti wa Tanzania wa kufuatilia kaya zilezile kwa awamu, ulioanza 2008/09, unapatikana pia katika maktaba ya data ya Benki ya Dunia, madodoso yakiwemo.

Chukua uzito wa mtoto anapozaliwa, katika tafiti za idadi ya watu na afya, zile za DHS. Uzito umeandikwa kwa gramu. Lakini mtoto ambaye hakupimwa hakuachwa wazi; ameandikiwa 9996. Mama asiyejua uzito ameandikiwa 9998. Mwanafunzi asiyesoma kitabu cha misimbo anaita safu nzima na kutafuta wastani. Tuseme nusu ya watoto walipimwa na wastani wao ni gramu 3,200, na nusu nyingine hawakupimwa: kompyuta itamjibu gramu 6,598 bila kusita. Watoto wachanga wa kilo sita na nusu! Kosa kubwa kiasi hicho utalishtukia. La hatari ni pale ambapo wasiopimwa ni wachache, wastani ukapanda kwa gramu mia na kitu, ukaonekana wa kawaida, ukaingia kwenye ripoti.

Mfano mwingine ni umri. Chora idadi ya watu kwa kila mwaka wa umri katika data za sensa au utafiti wa kaya ambako wengi hawana cheti cha kuzaliwa, utaona vilele kwenye 30, 35, 40, 45. Watu wanakadiria, au karani anawakadiria. Kuna kipimo cha zamani cha jambo hili, kinachoitwa kielezo cha Whipple: unachukua watu wa miaka 23 hadi 62, unahesabu wale ambao umri wao unaishia na 0 au 5, unagawa kwa moja ya tano ya watu wote wa kundi hilo, unazidisha kwa 100. Ukipata 100, hakuna upendeleo. Ukipata 500, kila mtu ametaja umri unaoishia na 0 au 5. Umoja wa Mataifa huhesabu kuwa data zinazozidi 175 ni duni sana kwa umri. Ni mistari mitatu ya msimbo, lakini hakuna atakayeiandika asiyejua kwamba swali hilo lipo.

Saa nazo zina mtego wake. Mdadisi anamuuliza mama anaondoka saa ngapi kwenda kuchota maji, mama anajibu saa kumi na moja, maana yake alfajiri. Kwenye kishikwambi kinachotumia mfumo wa saa 24, saa hiyo ni 05:00. Asipokuwa makini ataandika 11:00, na mchambuzi aliyeko mjini ataandika kwamba wanawake wa kijiji kile wanachota maji mchana. Mwongozo mzuri wa wadadisi huwa na maelekezo kuhusu hilo, na mwanafunzi aliyezoea kuusoma ataanza kwa kutafuta ukurasa huo.

Kuna nyaraka moja zaidi ninayoilazimisha: sheria. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 iliyoanza kutumika Mei 2023. Atakayeshika majina na namba za simu za wagonjwa au wateja aisome yote mwenyewe, si kusimuliwa.

Wiki moja ya kozi kama hii inakwendaje?

Nieleze wiki ninayoipenda kuliko zote. Wanafunzi wanasoma makala ya Bickel, Hammel na O'Connell iliyotoka katika jarida la Science mwaka 1975, kuhusu udahili wa shahada za juu katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwaka 1973. Kwa jumla, asilimia 44 ya wanaume walioomba walikubaliwa, na asilimia 35 ya wanawake. Inaonekana ni upendeleo wa wazi.

Data za idara sita kubwa zimo ndani ya programu ya R tangu unapoisakinisha. Unaandika UCBAdmissions na zinatokea, bila intaneti. Mwanafunzi anazigawa kwa idara. Idara A: wanaume 825 waliomba, asilimia 62 wakakubaliwa, wanawake 108 waliomba, asilimia 82 wakakubaliwa. Idara F, ambayo ni ngumu kuingia: wanaume asilimia 6, wanawake asilimia 7. Katika idara C na E wanaume wako mbele kidogo. Upendeleo mkubwa uliokuwa kwenye jumla umeyeyuka, kwa sababu wanawake wengi waliomba idara zinazokataa watu wengi, wawe wanaume au wanawake.

Siku ya kukutana siulizi jibu. Nauliza: ungeipeleka vipi kwa mkuu wa chuo aliyeona zile asilimia 44 na 35 tu? Na je, kugawa kwa idara kumemaliza suala, au kumelisogeza kwenye swali la kwa nini wanawake walikuwa wanaomba idara zile? Saa nzima inaisha hapo. Kisha wanaandika ukurasa mmoja wa Kiswahili, usio na neno la kitaalamu, ambao mtendaji wa kata au mkuu wa shule angeuelewa. Wanasoma kwa Kiingereza, na kazini watawaeleza watu kwa Kiswahili. Daraja hilo halijijengi lenyewe, na wanafunzi wengi huniambia ukurasa huo uliwachukua muda kuliko msimbo.

Nianze na kitabu gani?

Kama hesabu zako ni za wastani, soma Statistics cha Freedman, Pisani na Purves. Kina maneno mengi na fomula chache, na mfano wa Berkeley umo. Kama unataka kuzoea kazi ya mikono, R for Data Science cha Hadley Wickham na wenzake kinasomeka bure mtandaoni. Aliyemaliza masomo ya uwezekano na aljebra ya matriki asome An Introduction to Statistical Learning, kilichotoka 2013 kwa R na kupata toleo la Python 2023. Waandishi wenyewe wanakitoa bure kwa PDF.

Usijaribu vitatu kwa muhula mmoja. Sura sita zilizosomwa hadi mazoezi yake yakaisha zinatosha.

Akili mnemba inanifupishia sura nzima kwa sekunde. Kwa nini nijitese?

Muhtasari unakuonyesha mwandishi alifika wapi. Haukuonyeshi wewe ungekwama wapi, na mimi kwenye kikao nauliza hilo. Itumie kukufafanulia kipande cha msimbo au aya iliyokushinda, baada ya kuisoma mara mbili mwenyewe. Lakini faili la mradi wa wilaya yenu, ambalo misimbo yake ilibuniwa na afisa aliyekwisha hamishwa, halijui mtu yeyote ila aliyesoma daftari la mradi au kumpigia simu afisa huyo.

Sina kompyuta ya maana, na bando ni ghali.

Kozi hii ni kati ya zile zinazohitaji vifaa vichache. R ni bure na ikishasakinishwa haihitaji mtandao. Kompyuta ya RAM ya GB 4 inamudu faili la utafiti wa kaya. Pakua vitabu, data na nyaraka siku moja ukiwa chuoni, uweke kwenye flashi. Simu inafaa kusomea PDF. Kwa msimbo haifai, kwa hiyo panga saa za maabara mapema, kabla maabara haijajaa wiki za mitihani.

Nasoma sosholojia. Hii inanihusu?

Inakuhusu sana. Unajua maswali yanavyoulizwa na watu wanavyoyajibu mbele ya jirani au mume. Wanafunzi wa takwimu huchelewa kulielewa hilo. Muwe wawili kwenye kozi moja, wewe na wa takwimu, mkosoane.

Kwenye nakala ya matokeo itaonekana alama moja tu. Mwajiri atajuaje nilichofanya?

Hatajua, mpaka umwonyeshe. Mwisho wa muhula uwe na folda moja yenye vitu vinne: data ghafi kama ulivyozipata, au maelekezo ya kuzipata kama masharti hayaruhusu kuzigawa, msimbo unaokimbia kutoka mwanzo hadi mwisho bila kushikwa mkono, daftari la maamuzi, likieleza kwa mfano kwa nini uliondoa wenye 9996 na walikuwa wangapi, na andiko la kurasa mbili. Hilo daftari la maamuzi ndilo ambalo msaili mzuri atalifungua kwanza, kwa kuwa modeli zinafanana kwa waombaji wote ila maamuzi hayafanani. Ukiulizwa kwenye usaili, simulia jambo moja ambalo hesabu zilikataa kutoka na jinsi ulivyogundua sababu. Jibu hilo haliwezi kukaririwa.

Wahadhiri wetu wana madarasa ya mamia ya watu. Nani atanisimamia peke yangu?

Malalamiko hayo ni ya kweli, na vyuo vinapaswa kuhesabu saa za usimamizi huu kama mzigo wa kazi wa mhadhiri badala ya kumwachia aufanye kwa hisani. Wakati tunadai hilo, kuna njia. Mwaka 2003 wanafunzi wa shahada za juu wa hisabati katika Chuo Kikuu cha Chicago walianzisha mpango wa kuwasimamia wale wa shahada ya kwanza katika usomaji, mmoja kwa mmoja, na vyuo vingi Marekani vikaiga. Wanafunzi wa umahiri na uzamivu tunao hapa pia. Mhadhiri mmoja anaweza kuwasimamia watatu wao, na kila mmoja akachukua kikundi cha watu watatu au wanne.

Unapokwenda kuomba, usiende na mikono mitupu ukisema unataka kujifunza data. Nenda na ukurasa mmoja ulioandikwa: swali lako, kitabu na sura utakazosoma, data utakazotumia na kama umeshapata ruhusa ya kuzitumia, andiko utakalowasilisha, na siku na saa unayopendekeza mkutane. Upeleke wiki mbili kabla ya usajili wa masomo kufungwa, kwa sababu fomu ya kozi ya usomaji inahitaji saini ya mkuu wa idara, na wakuu wa idara husafiri.